Kisulisuli cha Kutengenezwa

Bushira aliporudi Koboko Jumamosi, karibu na adhuhuri, alikuta mteremko mzima umeungua. Alhamisi alikuwa ameuacha umejaa nyasi kavu za kufika kiunoni, akaenda kwao Arua kununua betri. Sasa ulikuwa mweusi kama sufuria ya kuni, na visiki bado vinafuka moshi.

Katikati ya weusi huo ilisimama nguzo ya vipimo vyao, nzima kabisa. Mtu alikuwa amefyeka nyasi kuizunguka kabla ya kuwasha moto.

"Dramadri!" aliita.

Dramadri, mwalimu mwenzake wa chuo na mkuu wa utafiti wao, alitoka chini ya turubai akitabasamu. Kiangazi chote walikuwa wamesubiri visulisuli, yale mavumbi yanayozunguka na kupanda juu kwenye jua kali. Walitaka kimoja tu kipite juu ya nguzo, mashine ipime jinsi mgandamizo wa hewa unavyoshuka ndani yake. Vyote vilipita mbali.

"Usikasirike kwanza," alisema Dramadri. "Si wewe unafundisha kwamba ardhi nyeusi inashika joto zaidi? Hewa inapanda kwa nguvu, inaanza kuzunguka. Mimi jana niliisaidia kidogo."

"Umesaidia? Hizi nyasi ni za Mama Kiden! Za kuezekea nyumba! Ulimwomba?"

"Wachungaji wanachoma kila mwaka. Nani atajua?"

"Mimi najua!" Bushira alitupa mfuko wa betri chini. "Tumekunywa maji ya huyu mama tangu tulipofika hapa, na wewe unamchomea majani ili upate namba!"

Dramadri alikuwa anatazama nyuma ya Bushira. Majivu yalikuwa yameanza kuzunguka chini ya mteremko, kwanza taratibu, kisha yakasimama wima, meusi, marefu kuliko miti. Kisulisuli kilipanda moja kwa moja hadi kwenye nguzo, kikaifunika, kikapita.

Dramadri alikimbilia kompyuta. "Milibari nane!" alipiga kelele. "Bushira, njoo uone! Imeshuka milibari nane!"

Bushira hakwenda. Macho yake yalikuwa kwenye kile kisulisuli, ambacho kilikuwa kimepita juu ya visiki na kuondoka na makaa. Kilivuka njia, kikaingia nyumbani kwa Mama Kiden, kikafia pale. Muda mfupi baadaye paa la ghala lake likashika moto.

Walikimbia kuuzima, na majirani wakaja na madumu ya maji. Nyumba iliokolewa. Ghala liliteketea, pamoja na simsim yote ya mbegu.

Mama Kiden alisimama mbele ya majivu, mikono kichwani. "Mbegu yangu yote iko ndani," alisema. "Yote!"

"Hii upepo ni ya shetani," alisema Mogga, jirani yake.

"Pole sana, mama," Dramadri alidakia haraka. "Ni kazi ya Mungu. Hakuna mtu anaweza kuzuia upepo."

"Mwongo!" Bushira alisema mbele ya watu wote. "Mungu hakuchoma mteremko. Mama, huyu ndiye aliwasha, jana, ili kisulisuli kije kwenye mashine yetu."

Mama Kiden alimgeukia Dramadri, akamtazama mpaka Dramadri akainamisha kichwa, kisha akamgeukia Bushira.

"Na wewe mwalimu? Hii mashine si yenu wawili?"

"Ni yetu, mama."

"Basi itoeni hapa. Leo."

Mogga alitaka kumpiga Dramadri. Mwenyekiti wa kijiji akamzuia. Mwenyekiti aliamua kwamba Dramadri ajenge ghala jipya kwa mikono yake mwenyewe. Alilijenga, likainama upande mmoja, Mama Kiden akamwambia abomoe aanze tena. Nyasi za kuezekea ilibidi zitafutwe mbali, huko Pajulu, kwa kuwa mteremkoni hazikubaki. Mbegu za simsim alizileta Bushira. Mama Kiden alizipokea bila kumkaribisha kukaa, na Bushira hakuona ubaya wake.

Siku ghala la pili lilipokamilika, walipanda gari moja kurudi Arua. Dramadri, viganja vimejaa malengelenge, akasema, "Lakini ile namba, Bushira, ni nzuri sana. Tukiiandika tu kama kisulisuli cha kawaida..."

"Simamisha gari," Bushira alimwambia dereva.

"Dada, tafadhali..." Dramadri alimsihi.

"Andika ukitaka. Lakini uandike pia nani aliwasha moto na nyumba ya nani ilikuwa upande ulikoelekea upepo. Usipoandika wewe, nitaandika mimi."

Alishuka, akafunga mlango kwa nguvu hadi kioo kikatikisika, akaanza kutembea kando ya barabara huku lile gari likimfuata polepole nyuma yake. Hakugeuka.