Viungio Kumi na Vinne

Fundi bomba alishuka mtaroni, akapangusa udongo kwenye kiungio cha kwanza kwa kiganja. Plastiki ilikuwa imebabuka na kuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Nani kaunga hapa?"

"Mimi na vibarua," msimamizi alijibu kutoka juu. "Jana, ulipokuwa msibani. Soketi za kuungia mabomba zimepanda bei, kaka. Tukawasha moto, tukapasha ncha, tukapanua, tukachomeka. Viungio kumi na vinne, chapuchapu. Sasa fukia."

"Hatujapima presha ya maji."

"Mkaguzi keshasaini."

Mkaguzi alikuwa kivulini, anatafuna karanga. Akapunga karatasi. "Mradi umepita, fundi. Unabishana na karatasi?"

"Nabishana na bomba, mzee. Huu mtaro umepita nyuma ya vyoo vya mtaa mzima. Likivuja chini, siku maji yakikatika litanyonya uchafu. Watoto watakunywa nini?"

"Fukia, au kabidhi koleo," msimamizi alisema. "Na ofisini kwetu usikanyage tena."

Fundi hakuwa na kazi nyingine, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Akapanda juu, akampita msimamizi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye tangi la kulisha bomba hilo.

"Tokeni mtaroni!" aliwapigia kelele vibarua, kisha akafungua koki yote.

Kiungio cha tatu kilichomoka. Cha saba kikapasuka. Cha tisa kikarusha maji hadi kivulini, mkaguzi akaruka na karanga zake. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kisima jirani wakaja mbio na ndoo.

"Ala! Ndiyo mliyotaka kutuzikia haya?" aliuliza shangazi yake fundi, sketi imelowa hadi magotini. "Miaka mitatu tunasubiri maji ya bomba, mtuletee kipindupindu?"

"Umefukuzwa!" msimamizi alimfokea fundi. "Vibarua, fukieni!"

Shangazi aligeuza ndoo yake, akaiweka katikati ya mtaro, akaikalia. "Haya, fukieni na mimi humu humu."

Vibarua walitazamana. Hakuna aliyeinama kuchukua koleo.

Fundi alifunga koki. Alirudi mtaroni, akafungua mfuko wake wa vifaa, akatoa msumeno.

"Si nimekufukuza wewe?"

"Nimesikia, bosi."

Akapiga goti kwenye tope, akaanza kukikata kiungio cha kwanza.