Mkunde wa Noël

Hapa Dzaleka, kambini kwetu wakimbizi, hata msalaba huibiwa. Tulipomzika mwanangu Noël, mume wangu alichonga msalaba wa mbao, na haukumaliza mwezi kabla mtu hajaufanya kuni za kupikia nsima, ugali wa huku. Mvua zikaja, udongo ukasambaa, na mlima tunakozikia ni mawe matupu. Makaburi ya watoto yote yakawa sawa.

Kwetu Fizi, tulikokimbia, marehemu hupandiwa kitu kinachoishi. Nilipanda maua, yakaungua na jua. Ndipo nikauona mkunde wa porini, umejibana kwenye ufa wa mwamba, maua yake ya zambarau, hauna habari na ukame. Nikachuma maganda, nikakwaruza punje kwa jiwe zipenyeze maji, nikampandia mwanangu kaburini.

Kila kiangazi majani yalipukutika nikasema basi, umekwenda. Kisha Oktoba, tone la mvua halijadondoka, unachipua tena kutoka mzizi uleule. Punje ziliruka mpaka makaburi ya jirani, mikunde ikawa mingi, kwa hiyo wa Noël niliufunga utepe. Utepe huo niliukata kwenye kitenge nilichombebea mgongoni; bila huo nisingejua tena kaburi lake ni lipi.

Aliyeyajua haya yote ni Carelle, mwenzangu wa kwaya. Alinishikilia siku ya mazishi. Alinibebea maji ya kumwagilia zile punje. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa damu, sioni haya kusema.

Oktoba hii nilikwenda mjini Lilongwe, mtaa wa Area 47, kupeleka nguo nilizoshona. Carelle huuza maua huko kando ya barabara, nikapita kumsalimu. Alikuwa ameinua kopo la plastiki lenye mche, anamsifia mama mmoja kwa Chichewa, lugha ya wenyeji, kwamba ua hili halihangaishi mtu kwa maji. Kwenye shina palikuwa na utepe wangu.

Nililinyakua lile kopo.

“Carelle, hii umetosha wapi? Umechimba wapi?”

“Mama Noël, usikasirike. Baclients banapenda maua ya kuvumilia jua. Mi nilisema itaota tena. We mwenyewe njo uliniambia haikufaka, haifi hata na jua.”

“Haikufaka kama mzizi iko mu udongo! We umetosha na mzizi!”

Yule mteja alijiondokea polepole. Carelle akatazama chini, akaanza kupanga makopo yake kana kwamba mimi ni upepo. Hapo ndipo hasira iliponipanda hasa. Nilimwambia aache kila kitu, tunarudi kambini, atanionyesha alipochimba. Akanifuata, kopo nikalibeba mimi.

Mlimani nilitafuta shimo moja, nikaona mashimo kila mahali. Alikuwa ameing'oa mikunde yote. Hakubakiza hata mmoja.

“Onyesha ya Noël,” nikamwambia.

Alinyoosha kidole kwenye shimo lililo karibu na jiwe kubwa. Akakirudisha. Akasogea mbele, akainama, akagusa udongo wa shimo jingine, akageuka nyuma. Sikumhurumia.

“Carelle. Onyesha.”

“Nilichimba mbiombio, bantu basinione. Utepe nilikuwa hata sijauona, niliuona kule mu kopo.” Akaketi juu ya mawe, akaanza kulia. “Mama Noël, mi sikumbuke.”

Nilisimama katikati ya mashimo, nimeshika mkunde nilioutoa koponi, utepe wa mwanangu bado umefungwa. Mzizi ulikuwa umeanza kunyauka, na sikujua niurudishe wapi.