Ngoja Nivae Kwanza

Usingizi unamkamata Aikande saa nane mchana, amekaa kwenye kitanda cha marehemu mama yake, kompyuta mapajani, ameshapitia picha zaidi ya elfu mbili na uso anaoutafuta hajauona. Ni kazi aliyoiona nyepesi alipoipokea. Asubuhi dada yake Ndeshi amemwambia, wewe ndiye mwenye mapicha, tutafutie moja ya Mama, ile ya kitambulisho imefifia mpaka hujui kama ni mtu au kiazi, na fundi wa kaburi anataka picha leo kabla ya saa kumi na moja aiweke kwenye kigae cha msalaba. Aikande amejibu, hiyo tu, dada? Kwani nani mwingine katika ukoo mzima ana blogu ya miaka saba, Mguu Njiani, safari na mavazi, yenye wasomaji mpaka Uarabuni? Tangu hapo anaipitia posti baada ya posti, na mama yake amemwona mara nne: kiwiko, pindo la kitenge, mkono ulioshika sufuria, na kivuli kwenye ukuta wa jikoni. Uso hakuna. Anajilaza kwenye mto wa Mama, dakika tano tu, anajiambia, na lebo ya gauni alilovaa, gauni la kuazima dukani linalorudishwa likishapigwa picha, inamkwaruza shingoni kama kawaida, naye anasinzia huku anajikuna.

Anaamka, au anadhani anaamka, anafunua pazia la mlango ili aende sebuleni kunywa maji, na sebule haipo, ipo barabara. Ni barabara ya Lushoto, anaijua kwa koti lake la rangi ya haradali ambalo sasa limo mwilini mwake, lakini akipiga kona anakuta ni Iringa, na koti limegeuka sketi ndefu, na akipiga kona nyingine ni Lushoto tena, na kote ni saa kumi na moja jioni, ile saa ambayo jua hulainisha ngozi ya kila mtu na wapiga picha hukimbizana nayo. Hapa jua halitui. Anatembea, na kila baada ya hatua kadhaa nguo zinabadilika, na lebo haibadiliki, iko palepale shingoni. Anajaribu kukumbuka Iringa ilinukia nini. Hakumbuki. Anakumbuka viatu vilivyombana. Anajaribu Mtwara, na anachokumbuka ni kwamba maelezo ya Mtwara, yale yaliyopendwa sana, ya upepo na korosho na ukimya wa mchana, aliyaandika Moshi akiwa anasubiri zamu yake saluni, siku mbili kabla ya kusafiri, ili akifika huko abaki na kupiga picha tu. Watu walimwandikia, umetufikisha Mtwara, dada. Yeye mwenyewe hajui kama alifika.

Barabarani kuna watu, na watu hao hawana nyuso. Hawatishi. Mahali pa uso pana ukungu laini, kama dirisha la jikoni makande yakichemka. Mmoja, mwanamke mwenye beseni la dagaa kichwani, anasimama. Shikamoo mama, anasema Aikande, maana adabu haimtoki hata ndotoni. Marahaba, anajibu mwanamke, ulinipita Kigoma. Nilikupita? Ulisimama mbele yangu, mwanangu, na simu yako ikanifanya hivi nilivyo. Hapo Aikande anawatambua wote, mwanamume wa baiskeli, mama muuza vikapu, wazee wa bao, kila aliyewahi kuwa nyuma yake katika picha. Simu yake ina mtindo huo, inamchora mwenyewe waziwazi na kilicho nyuma inakifuta kidogo ili asichanganywe nacho. Yeye aliupenda. Aliwahi hata kuandika posti nzima ya kuusifia. Samahani, anasema. Mwanamke anaweka sawa beseni lake kichwani. Namtafuta mama yangu, anasema Aikande, nataka uso wake, fundi anasubiri. Yuko ulipomwacha. Nilimwacha wapi? Mahali ulipokuwa na haraka. Lakini mimi nilikuwa na haraka kila mahali. Basi unaona kazi tuliyo nayo, anasema mwanamke, na anatangulia.

Wanaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo, virefu kama vile vya dukani vya kujaribia nguo, na katika kila kioo yumo Aikande mmoja, kidevu kimegeuzwa kushoto, maana kushoto ndiko kuzuri kwake, mguu mmoja mbele, anacheka na mtu asiyekuwepo. Aikande wa Bagamoyo mwenye kofia. Aikande wa Tanga mwenye viatu vya buluu. Wengine amewasahau kabisa. Anamwendea huyo wa viatu vya buluu, umemwona Mama? Samahani, mwanga unaondoka, anasema yule. Anamwuliza wa kofia. Samahani, mwanga unaondoka. Anawauliza mmoja baada ya mwingine, anakimbia sasa, na wote wanamjibu hilohilo kwa upole uleule wa mtu mwenye shughuli, na anatambua kwamba upole huo ni wake, ndio aliokuwa akiwajibu watu miaka saba. Anawachukia. Hajawahi kumchukia mtu hivi, na wote ni yeye. Anakaa chini katikati ya mji na kulia, na wale kwenye vioo wanaendelea kucheka, kidevu kushoto. Inuka, anasema mwanamke wa dagaa, si hapa. Ni posti ya mia mbili na kumi.

Posti ya mia mbili na kumi inaitwa Wikendi Nyumbani. Anaikumbuka kabla hawajafika, na anapunguza mwendo. Ni uani kwao, migomba, mikahawa miwili mitatu iliyobaki, banda la ng'ombe, na katikati yumo yeye mwenyewe na gauni jeupe la kuazima, anajipanga mbele ya simu iliyosimama kwenye miguu yake mitatu, na mlangoni anasikia sauti ya Mama. Na mimi nipige basi, mwanangu. Njoo, Mama. Hivi nilivyo, na matope haya? Ngoja nivae kwanza. Kilichofuata anakijua, maana ndivyo ilivyokuwa kweli, miaka miwili iliyopita. Mama aliingia ndani, akaoga, akatafuta kitenge cha kanisani na kilemba chake, akapaka mafuta usoni, na Aikande akaangalia jua, akakunja vyombo, akapiga kelele kutoka uani, Mama, mwanga umeondoka, siku nyingine. Gari lilikuwa linakata kona ya getini Mama alipotoka amependeza. Aikande hakumwona. Ni Ndeshi aliyemsimulia, juzi tu, wakiwa wanafunga virago vya marehemu, kwamba Mama siku ile alikaa na zile nguo mpaka baada ya chakula cha usiku, na alipoulizwa kwa nini havui, alisema huenda mtoto kasahau kitu, atarudi.

Bado anavaa, anasema mwanamke wa dagaa. Yuko ndani? Yuko ndani. Nitamwona? Ukimsubiri. Mpaka lini? Mpaka amalize. Anamwekea kigoda mbele ya pazia la mlango na kuondoka, na Aikande anakaa. Anasikia sanduku likifunguliwa. Anasikia Mama akiimba kwa mdomo uliofumbwa wimbo wa kwaya ya akina mama, ubeti uleule kila mara kwa sababu wa pili hakuwahi kuushika. Nakusubiri, Mama, anasema. Haya, mwanangu, nafunga kilemba tu. Furaha inampanda kifuani hadi inauma. Halafu jua, ambalo safari nzima halikutikisika, linaanza kushuka. Linapita nyuma ya mgomba mmoja, linapita nyuma ya wa pili, na Aikande anajiambia atulie, anajiambia kwa sauti, tulia, lakini mkono umeshainuka wenyewe na simu imo, kwa mazoea ya miaka saba, na pazia linapofunguka na Mama anapotoka na kitenge chake cha kanisani, Aikande anamtazama ndani ya simu. Simu inatafuta uso. Inateleza kwenye kilemba, inateleza mashavuni, na inafanya ilivyozoea kufanya kwa watu wake wa nyuma. Anaishusha haraka. Amechelewa. Mbele yake, mikono imekunjwa vizuri tumboni, amesimama mtu mwenye ukungu chini ya kilemba, mahali pa uso. Imetoka vizuri? anauliza Mama. Imetoka, Mama. Imetoka nzuri sana. Nionyeshe basi.

Aikande, we Aikande. Ni Ndeshi, amesimama kando ya kitanda, mkono begani kwake. Saa kumi na nusu, fundi kapiga simu mara mbili, umepata? Aikande anakaa. Kompyuta imelala yenyewe. Sina, dada. Huna vipi, miaka yote hiyo? Nimemkata, dada. Zote nimemkata, alikuwa haendani na rangi. Ndeshi anamtazama muda mrefu, na Aikande angependa atukanwe, ila Ndeshi anakaa tu kitandani na kulainisha shuka kwa kiganja. Basi msalaba utakaa na jina tu, anasema. Waliomjua watamjua.  Nje jua limefika ile hali yake ya dhahabu, na Aikande anaona haya kwamba ameliona. Dada, anasema, njoo uani nikupige wewe, leo hii, kabla hatujafanya kitu kingine. Ndeshi anajitazama, kanga ya kazi, miguu ya shambani. Hivi nilivyo? anasema. Toka basi, nguo zangu zimo humu. Ngoja nivae kwanza.

Aikande anatoka, anavuta kigoda, anakaa mbele ya pazia. Simu anailaza sakafuni, kioo chini. Lebo inamkwaruza shingoni. Ndani, sanduku linafunguliwa, na mtu anaanza kuimba kwa mdomo uliofumbwa, ubeti wa kwanza, halafu ubeti wa kwanza tena. Ndeshi hana kawaida ya kuimba. Dirishani jua linashuka kwenye mgomba, Aikande anaweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake na kuikalia, na anasubiri. Hatua zinakuja. Pazia linatikisika, naye anakodoa macho mpaka yanatoka machozi, anaogopa kupepesa.