Usimsage Kabange

Kru, kru, kru.

Sauti ilitoka gizani, ndogo na kavu, kama meno juu ya muhogo. Ketsia akafumbua macho. Nje majogoo walikuwa bado hawajaanza kubishana, umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na mfuko wa mihogo mikavu ulikuwa pembeni ya kitanda, mahali palepale ambapo mama mkwe wake alisema usiwekwe. Panya, akawaza. Akaitafuta kandambili kwa mguu, akaishika kwa mkono, akaiinua taratibu kama mtu mwenye uzoefu, kisha akapiga kule sauti ilikotoka.

"Yoo," panya akasema. "Njo mimi, Mama Mapasa."

Blanketi likafunuka. Chini yake alikuwa Rubens, mume wake, dereva wa pikipiki anayesifiwa kutoka bandarini mpaka Lubuye kwa kutomwangusha abiria. Alikuwa amejikunja kama jongoo, uso umepakwa mwanga wa simu.

"Unatafuna nini?"

"Sitafuni. Ninasaga."

"Unasaga nini saa hizi?"

"Kadi."

Ketsia akashusha kandambili, lakini hakuiweka mbali.

Mchezo wenyewe uliitwa Falme za Vilindi. Uliingia ndani ya simu ile mwaka waliozaliwa mapasa wao, mapacha wa kike Kyungu na Kabange, na tangu siku hiyo ulikuwa unanenepa kuliko watoto. Ni mchezo wa kadi, ila kadi zake huzishiki: zinakaa ndani ya kioo, zinakuja kwa pakiti, na pakiti zinanunuliwa kwa pesa ya kweli. Unafungua pakiti, unapata kadi tano; nne unazo tayari, na ya tano hukuitaka.

Angevumilia, kama nyumba ingekuwa na simu mbili. Ilikuwa na moja. Ketsia alikuwa anasoma kozi ya jioni ya uhasibu, mtihani ulikuwa Jumatatu, na Mwalimu Emile alikuwa ameacha kuandika ubaoni. Masomo aliyatuma kwa simu. Masomo yalifika mlangoni yakakuta nyumba imejaa. "Hakuna nafasi," simu ilimwambia kila jioni. Kulikuwa na nafasi ya mamba wenye mapanga na ngisi wenye taji, lakini ukurasa mmoja wa mali na madeni ulikosa pa kukaa.

Ndiyo maana walikuwa wamepatana, mbele ya Mama Hortense, mama yake Rubens, aliyekuja kutoka Ankoro kuwaona wajukuu. Jumamosi Assumani, mwenye kibanda cha kuchaji simu, angefanya mashindano ya Falme za Vilindi, na zawadi ni simu: ya mtumba, lakini kioo chake kizima. Rubens akishinda, simu hiyo ya Ketsia. Akishindwa, mchezo unafutwa kabla jua halijazama. Ketsia akaongeza sharti lake: hakuna kununua pakiti. Na kwa kuwa alimpenda mume wake na alimfahamu, akabadilisha namba ya siri ya pesa za simu.

"Sasa kadi unasagia nini?" akauliza.

Rubens akakaa vizuri. Hakuna kitu alichopenda kama kuulizwa swali hilo.

"Sikiliza. Kuna viwanja viwili. Uwanja Mpya, kule unacheza na kadi za misimu ya sasa tu. Na Uwanja Wazi, kule wanapokea kila kadi iliyozaliwa, mbovu kwa nzima, sawa na treni ya Kabalo. Jumamosi msimu unageuka. Kadi zangu za zamani zinafukuzwa Uwanja Mpya. Na Assumani ni muntu wa kisasa, lazima atachezesha Uwanja Mpya. Basi ninasaga za zamani, ninapata unga, na unga ninapika kadi mupya. Ninapika Mamba Mfalme."

"Unasaga ngapi upate moja?"

"Ine."

"Nne za bei ileile?"

"Ileile."

Ketsia akahesabu kama alivyofundishwa. "Papa Kyungu, yule mwenye mashine ya unga sokoni anabakiza kopo moja kwenye beseni, na watu wanamwombea mabaya kila Jumapili. Huyu wako anabakiza beseni, anakurudishia kopo. Na wewe unamwamkia mapema hivi?"

"Ni teknolojia," Rubens akasema, akarudi chini ya blanketi. Kru, kru, kru.

Ijumaa jioni alikuwa amesaga karibu kila kitu. Alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, Mama Hortense anachagua ndagala, vile visamaki vya ziwani, kwenye ungo, watoto wanasumbua mawe.

"Unga umepunguka kidogo tu," Rubens akamwambia mke wake kwa sauti ya chini. "Nimebaki na wale wawili. Nikisaga mumoja, Mamba Mfalme anaiva."

Ketsia aliwajua wale wawili, kila mtu nyumbani aliwajua. Walikuwa wavuvi wenye sura moja, mmoja ameshika mkuki kwa kulia, mwingine kwa kushoto. Mchezo uliwapa majina marefu ya Kifaransa ambayo hakuna aliyeyakumbuka, kwa sababu Rubens aliwapata wiki ileile mapasa wake walipozaliwa, akawaita hapohapo Kyungu na Kabange. Akawa anawaonyesha wageni: watoto kitandani, watoto kwenye simu. Wasichana wenyewe walikua wakijiona mle ndani, na walikuwa wanasalimia kioo.

"Utasaga yupi?" Ketsia akauliza.

"Kabange. Mukuki wake uko mufupi."

Ungo ukatua chini.

"Rudia," Mama Hortense akasema.

"Ni kadi, mama."

"Nimesikia ni kadi. Nimesikia pia jina. Nani alimupa jina?"

"Mimi."

"Ulikuwa mulevi?"

"Hapana, mama."

"Basi ulijua unachofanya." Mama Hortense hakupandisha sauti, kwao Ankoro mtu aliyezaa baba wa mapasa hahitaji kupandisha sauti. "Mapasa ukimupa mumoja shanga, unamupa na mwingine. Ukimubeba huyu, unamubeba na yule. Ukimusaga mumoja, niambie mwenyewe, mwingine unamufanya nini?"

Rubens akatazama simu. Akatazama watoto. Kabange alikuwa ameacha mawe, anamkodolea macho.

"Papa, utanisaga?"

"Hapana, mama," Rubens akamjibu mtoto haraka. "Nani amesema kusaga?"

Hivyo Mamba Mfalme hakuiva. Rubens alilala na nusu bakuli ya unga usiotosha kitu.

Jumamosi kibanda cha Assumani kilijaa mpaka barabarani. Zawadi ilikuwa juu ya kitambaa cheupe, imefutwa, inang'aa, na Ketsia aliitazama kama mtu anayetazama mlango wa chumba chake mwenyewe. Aliona masomo yote ya Mwalimu Emile yamepangwa mle ndani, sura kwa sura.

Assumani akapanda juu ya kreti. "Ndugu zangu, msimu mupya umekuja, lakini mega za kuuteremsha kwenye simu ni nyingi kuliko mega za mutaa muzima. Nimejaribu tangu alfajiri, haijafika nusu. Kwa hiyo leo tunacheza Uwanja Wazi. Kila mutu na kadi zake za zamani."

Watu wakafurahi. Rubens akakaa chini polepole, kama mtu aliyeuza mwavuli asubuhi.

"Za zamani uko nazo ngapi?" Ketsia akamuuliza sikioni.

"Mbili."

"Mbili zipi?"

Rubens akamgeuzia kioo: wavuvi wawili, mikuki miwili. Nafasi zilizobaki akazijaza na kadi za bure, zile ambazo mchezo humpa kila mgeni ili asilie: konokono, viroboto maji, na ndagala wengi sana.

Mpinzani wa kwanza alicheka alipoona ndagala, na alikuwa bado anacheka wale wavuvi wawili walipotokea pamoja. Ndipo ilipojulikana kwa nini Mama Hortense alikuwa sahihi, ingawa kwa sababu nyingine. Mmoja peke yake hakuwa kitu. Wakiwa wawili, huyu akipiga na yule anapiga, na ukimponya jeraha mmoja, mwingine anapona. Rubens akashinda. Akashinda tena. Watu wakaanza kumwita Sultani wa Ndagala, na mchezo wa mwisho ulipofika, walikuwa wamesimama mpaka juu ya matofali ya jirani.

Mwisho ulikuwa na Mahmoudi, muuza vitenge, ambaye kaka yake wa Kigoma alimtumia pesa za pakiti kila sikukuu. Mahmoudi hakusaga kitu maishani mwake. Alikuwa na papa wa dhahabu watatu.

"Papa Mapasa," akasema akikaa, "leo ndagala wako wanaanikwa."

"Ndagala haogopi papa," Rubens akajibu. "Katika ziwa hili hakuna papa."

Watu wakacheka, Mahmoudi pia. Kisha wakasogea karibu, kwa sababu mambo yalikuwa magumu. Papa mmoja akafa. Wa pili akafa. Wa tatu alibaki na nguvu nyingi, na Rubens alibaki na wale wawili, ndagala mmoja, na zamu moja. Pembeni ya kioo ile kamba inayoonyesha muda ilianza kuungua.

Kulikuwa na njia. Kila mchezaji aliyekuwa pale aliiona, na hata Ketsia, ambaye hakuwahi kucheza, aliiona, kwani kitufe kiliwaka chenyewe. Toa kafara mmoja. Ukimtoa Kabange, nguvu zake zote zinamwingia Kyungu, Kyungu anamaliza papa, na simu inaondoka na wewe.

"Bonyeza," mtu akasema nyuma. "Bonyeza, Papa Mapasa, kamba inaisha."

Rubens alikuwa ameinua kidole gumba. Wasichana walikuwa wamejipenyeza kati ya magoti yake, vichwa viwili vimesukwa namna moja. Nyuma yao Mama Hortense alikuwa amekunja mikono.

Rubens akageuza uso kwa mke wake. "Sema wewe. Simu ni yako."

Ni picha, Ketsia akajiambia. Ni picha tu, hata ubao wa Mwalimu Emile una uhai zaidi. Akaona mtihani wa Jumatatu, akaona ile biro anayoitamani, ofisi yake mwenyewe, meza yenye droo, jina lake mlangoni. Akafungua mdomo aseme toa.

Kabange akaweka kidole chake kidogo juu ya kioo, juu ya yule mwenye mkuki mfupi. Hakukizuia kitufe. Alikuwa anampapasa tu mvuvi kichwani, amtulize.

"Acha," Ketsia akasema. "Tutafuta mchezo."

Rubens akapumua kama mtu aliyeshushiwa mzigo na kuongezewa mwingine. Akamtuma ndagala. Ndagala akaenda kwa ushujaa wote, papa akammeza, kisha akawageukia wavuvi, akawameza wote wawili kwa mkupuo mmoja.

"Pamoja," Mama Hortense akasema, ameridhika. "Hivyo sawa."

Mahmoudi akachukua simu yake mpya, lakini hakuifurahia sana. Wanawake wa mtaa walikuwa wanamtazama. Kumpiga baba wa mapasa mbele ya mapasa wenyewe si jambo la kuondoka nalo mikono mitupu, uwe Mwislamu au Mkristo. Akasimama kidogo, akajikuna shingo, akaenda kwa mama wa mandazi, akarudi na mawili ya mapasa. Alipoona moja limeiva zaidi ya lingine, akarudi kubadilisha.

Nyumbani, jua lilikuwa linagusa ziwa. Rubens akaketi na simu kwenye mapaja, akabonyeza mahali pa kufuta.

"Inaniuliza kama nina hakika," akasema. "Hata yenyewe inanihurumia."

"Uko na hakika?"

"Hapana." Akabonyeza. Ule mnofu wote, miaka yote ya pakiti na unga, ukaondoka kwa muda mfupi kuliko wa kumenya ndizi. Akampa mke wake simu kwa mikono miwili, akaondoka bila kugeuka.

Simu ikakaa kimya kidogo. Kisha masomo yakaanza kuingia, moja nyuma ya lingine, yakigongana kama wanafunzi waliofungiwa nje kwenye mvua. Ketsia akasogea karibu na mlango penye mwanga. Akafungua sura ya kwanza. Mali ni nini. Akatabasamu, akaanza kusoma, midomo ikisogea.

Uani Rubens alizunguka. Alifungua tangi la mafuta la pikipiki, akalifunga. Vidole gumba vyake vilikuwa vinabonyeza hewa. Watoto walikuwa chini, wamepanga vifuniko vya chupa kwa mistari miwili, wanarusha kimoja kugonga vingine. Akawatazama kwa dharau ya mtu aliyefika fainali. Akawasahihisha. Akachuchumaa aonyeshe. Baadaye kidogo Ketsia akasikia anaeleza kwamba vifuniko vyekundu vina nguvu kuliko vya njano, na kwamba kuna sheria mpya, na kwamba sheria hiyo inaanza sasa hivi.

Aligeuza ukurasa. Madeni ni nini.

"Mama," Kabange akaita kutoka uani, "papa anaiba."