Baiskeli ya Viti Viwili

Jumanne tarehe nne Machi, saa mbili asubuhi, mambo yaliharibika. Baiskeli ya viti viwili, niliyonunua na marehemu mke wangu ili tuzunguke pwani nzima, niliiunganisha sebuleni, nikafunga hema na sufuria. Safari kesho. Kumbe haikati kona ya korido. Wakubwa waliojenga nyumba hizi za wafanyakazi walidhani hatutamiliki kitu kirefu kuliko fagio.

Mdogo wake marehemu alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Shemeji, utazunguka pwani humu humu sebuleni?"

Nami kicheko kikanishika, cha kwanza tangu msiba. Tukafungua magurudumu, tukaipitisha dirishani.

Nje, akafuta machozi, akapangusa kiti cha nyuma. "Na hapa, shemeji, atakaa nani?"