Goti la Wangechi

Jumamosi niliamka goti la kushoto likiniuma, nikajua kuna taabu Thika.

Mjukuu wangu Wangechi amebeba jina langu. Hata babake, mwanangu Githae, humwita mama. Kwetu mwenye jina na aliyelirithi ni mtu mmoja. Sasa goti langu linalia asubuhi, mtoto ana mechi ya ligi huko Thika saa nane, na goti lake hilohilo la kushoto lilishonwa mwaka jana. Daktari alisema likikatika tena, mpira wa kikapu umeisha. Wewe ungekaa nyumbani Gatongora ukichambua maharagwe?

Jirani yangu Kagwe, ambaye huniita Cucu, yaani nyanya, kama wajukuu wangu, alinipeleka na gari lake la Probox.

"Cucu, si ungeona mechi kwa simu?"

"Kwa simu naona wale wa Amerika. Mtu anatembea na mpira hatua nne, refa anaangalia kando kama mgeni aliyekuta wenye nyumba wakigombana. Akiguswa kidole, anaanguka kama gunia."

"Na huyu wetu akianguka?"

"Endesha, Kagwe."

Kutoka hapo sikufanya mzaha. Nilishika goti kwa mikono miwili, kama limejaa mayai.

Robo tatu za mechi sikuziona. Niliona bandeji moja nyeusi ya goti ikipanda na kushuka. Kila ilipopanda nilisema kimoyomoyo: Ngai, Mungu wangu, kama unataka goti la Wangechi, chukua hili la mzee, limeshatumika.

Dakika ya mwisho, pointi sawa, aliruka chini ya kikapu. Msichana mmoja mrefu kama mlingoti akamgonga hewani. Akashuka na mguu wa kushoto, na nikasikia mlio, kama ukuni mkavu umevunjwa.

Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama lini.

Wangechi alikaa sakafuni. Akalishika goti, akalikunja, akalinyoosha polepole. Akainuka, akaenda kurusha mipira yake miwili ya adhabu. Watu wakapiga kelele.

"Keti sasa, Cucu," Kagwe akasema.

"Siwezi. Ule mlio umetoka kwangu."

Walinibeba watu wawili mpaka kwa gari. Wangechi akaja mbio, jasho tele.

"Cucu, nani amekuangusha?"

"Refa hakuona."

Alicheka. Mimi nilicheka kidogo tu. Ligi imebakisha mechi tisa, na mimi nimebaki na goti moja.