Transista za Kanisa la Mbau

Jokébed alikuwa ameinamia televisheni ya mteja katika kibanda chake cha ufundi, pale Butembo, simu ilipolia. Alikuwa Adèle, dada yake mkubwa, muuguzi katika kituo kidogo cha afya huko Beni.

"Jokébed, kuya mbio. Convertisseur imekufa. Mashine ya oksijeni imesimama, na niko na mugonjwa mwenye hawezi kupumua bila ile."

"Yaya, ilikufa namna gani?" aliuliza Jokébed, akimwita kama wadogo wanavyomwita dada mkubwa.

"Sentinelle alibadirisha batri. Moshi ikatoka."

Jokébed alitia vyombo vyake mfukoni, akapanda pikipiki. Njia ilikuwa tope tupu, na kwenye kila kizuizi wanajeshi walitaka aufungue ule mfuko.

Mgonjwa aliitwa Débora, mke wa Papa Zacharie, mzee wa kanisa. Walikuwa wamekimbia kijiji chao cha Mbau baada ya watu wenye silaha kutoka msituni kuchoma nyumba zao. Baridi ya kulala chini ilimwingia Débora mapafuni. Sasa alikaa kitandani, mikono juu ya magoti, akivuta pumzi kama anayepanda mlima na mzigo mgongoni. Hospitali kubwa ilikuwa imejibu kwamba vitanda vyote vya oksijeni vina watu.

Jokébed alifungua convertisseur, ile mashine inayogeuza umeme wa batri uwe kama umeme wa nyumbani. Yule sentinelle, mlinzi wa kituo, alikuwa amefunga nyaya za batri kinyume. Fyuzi ingekatika na kuokoa vilivyobaki, lakini mtu fulani, zamani, alikuwa ameiondoa na kuweka kipande cha waya mahali pake.

"Nini imeungua?" aliuliza Papa Zacharie, ambaye hakuwa ameondoka mlangoni tangu asubuhi.

Jokébed alimwonyesha transista nne, vipande vyeusi vyenye miguu mitatu.

"Hizi, papa. Kila moya ni sawa barrière ya ku barabara. Umeme kidogo sana inagusa muguu ule, na barrière inafunguka, umeme mingi ya batri inapita. Ile kidogo ikitoka, inafunga. Mbili zinafungua, mbili zinafunga, zinapokezana mbio-mbio kupita jicho. Njo vile mashine inapata umeme yake." Alizigusa kwa ncha za testa, kifaa chake cha kupima umeme, na testa ikalia kwa kila moja, akigeuza hivi, akigeuza vile. "Nzima inapitisha upande moya, inakataa ule mwingine. Hizi hazikatae kitu tena. Zimekufa zote."

Siku hiyo maduka ya Beni yalikuwa yamefungwa. Mji uligoma kwa ajili ya watu waliouawa mashambani, na barabara zilikuwa na matairi yanayoungua. Kurudi Butembo kutafuta nyingine kulimaanisha siku nzima, na Débora hakuwa na siku nzima.

"Amplificateur ya kanisa," alisema Papa Zacharie. "Ile inatumika na batri ya gari. Ndani haina transista?"

"Iko nazo, papa. Lakini ni ndogo kuliko hizi. Na nikizitoa, ampli inakufa."

Ampli hiyo, mashine ya kukuza sauti, ilikuwa kitu pekee ambacho waamini wa Mbau walikibeba walipokimbia. Papa Zacharie alikwenda, akarudi nayo kifuani, akaiweka juu ya meza.

"Toa."

Jokébed alizitoa, akazichomelea katika convertisseur, akazibana vizuri kwenye bati lake la kupoza joto, akaweka fyuzi ya kweli pale penye waya. Mashine ya oksijeni ilikohoa, kisha ikaunguruma. Taratibu mabega ya Débora yalishuka. Alilala ubavu, jambo ambalo hakuliweza tangu alipoletwa, na mume wake akajifunika uso kwa kofia.

"Munisikilize," Jokébed aliwaambia Adèle na mzee. "Zinaweza kubeba mashine hii tu. Hapana taa, hapana simu, hapana kitu ingine. Kesho maduka yakifungua, nitatafuta zenye nguvu."

Alfajiri ya kesho yake Joyeuse, binti wa Débora na Papa Zacharie aliyefundisha shule huko Lubero, aliwasili. Hakuna aliyemwambia onyo la Jokébed. Baba yake alikuwa amekwenda kusali, Adèle alikuwa akimzalisha mama mwingine katika chumba cha pili. Débora alimwomba binti yake maji moto ya kunawa uso.

Jokébed, aliyelala kituoni, aliingia akanusa harufu ya kuungua kabla hajaona kitu. Mashine ilikuwa kimya. Joyeuse alimshika mama yake, akiita msaada, na Adèle akaja mbio. Nyuma ya pazia Jokébed aliona birika la umeme, limechomekwa katika convertisseur kando ya mashine, maji yake hata hayajapata joto. Alifungua convertisseur. Transista mbili zilikuwa zimepasuka. Zilikuwa zimefunguka na kubebeshwa mzigo usio wao, na zilishindwa kabla fyuzi haijakatika.

Hakuwa na nyingine. Pikipiki iliitwa, lakini Débora alikata roho ilipokuwa bado inapigwa teke iwake.

Joyeuse aliinua uso. "Nini ilizimisha mashine?"

Jokébed alikuwa amekwisha kulichomoa birika na kulitia katika mfuko wake. Alimtazama yule binti, kitambaa cha kunawia bado mkononi, akaona kwamba jibu la kweli Joyeuse angelibeba kama hatia mpaka kufa.

"Transista zilikuwa ndogo," alisema. "Mimi nilizifunga vile. Ni kosa yangu."

Papa Zacharie, aliyekuwa amefika mlangoni, aliyasikia maneno hayo. Hakupiga kelele.

"Mama fundi, hapana kuya ku kilio yetu," alisema tu.

Adèle alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa ameona umbo la birika likiwa limetuna ndani ya mfuko.

"Niache niwaambie kweli, hata Papa Zacharie peke yake."

"Hapana, yaya. Ukimwambia baba, siku moya atamwangalia binti yake vibaya. Mimi niko mutu wa mbali."

Adèle alilia, Jokébed hakulia. Alirudi Butembo, akakaa mbele ya ile televisheni, akashindwa kuiwashia chuma chake cha kuchomelea. Jumapili iliyofuata, sokoni, wanawake wawili wa Mbau walimwona akija, wakavuka barabara wasikutane naye.